Bili Ndiyo Inayoamua Nani Atarudi Wiki Ijayo

Waulize wakuu wa vyuo wanawasaidiaje wanafunzi wa kigeni kuzoea mazingira. Watakutajia wiki ya utambulisho, ofisi ya ushauri nasaha, na kijitabu chenye picha za vijana wanaocheka. Waulize wanafunzi wenyewe ni nini kiliwavusha mwaka wa kwanza, na wengi watakupa jibu jepesi zaidi: kulikuwa na watu fulani, kulikuwa na siku moja ya wiki, na siku hiyo walikuwa wakitoka kwenda kula pamoja. Basi. Hakuna katiba, hakuna mwenyekiti, hakuna aliyewaomba wafanye hivyo.

Kwa kuwa jambo lenyewe linafanana na starehe, halichukuliwi kwa uzito. Mzazi anayetuma ada analiona ubadhirifu, mhadhiri hana habari nalo, na hata wahusika hulitaja kwa utani. Mimi nadhani ni moja ya taasisi chache ambazo mwanafunzi aliye ugenini hujijengea mwenyewe, na inafaa kukaguliwa kama tunavyokagua chama cha kuweka na kukopa: nani anaingia, nani anatoa, na nani anaondoka kimya kimya. Hao wa mwisho ndio wanaonihusu hapa. Meza hizi hazivunjwi na ugomvi wa siasa, wala dini, wala mapenzi, ingawa yote hayo hutokea. Mara nyingi zinavunjwa na bili.

Kwanza historia kidogo, kwa sababu wazo hili si la jana. Mwaka 1909, Harry Edmonds, mfanyakazi wa YMCA (chama cha vijana wa Kikristo) jijini New York, alimsalimu mwanafunzi wa Kichina kwenye ngazi za maktaba ya Chuo Kikuu cha Columbia. Kijana akamshukuru, akamwambia kwamba ana wiki tatu mjini na huyu ndiye mtu wa kwanza kumsemesha. Edmonds na mkewe wakaanza kuwaalika wanafunzi wa kigeni kwa chakula cha Jumapili jioni. Idadi ikakua mpaka mwaka 1924 ikafunguliwa International House, jengo la makazi ya wanafunzi wa mataifa mbalimbali lililojengwa kwa fedha za John D. Rockefeller Jr. Likafuata la Berkeley mwaka 1930 na la Chicago mwaka 1932.

Kisa hicho husimuliwa kama kisa cha ukarimu. Ukarimu ulikuwepo, sikatai, lakini salamu ya ngazini ni wema wa dakika moja na watu wengi hutendeana wema wa dakika moja kisha wakapotezana. Kilichojenga jengo ni kwamba Jumapili iliyofuata chakula kilikuwepo tena, na iliyofuata, na mtu aliyekosa wiki hii hakuhitaji kualikwa upya ili aje wiki ijayo. Mgeni hana haja kubwa ya tafrija. Ana haja ya jambo linalojirudia bila yeye kuliomba.

Leo wanaohitaji jambo la namna hiyo ni wengi mno. Kwa hesabu za UNESCO, wanafunzi waliokuwa wakisoma elimu ya juu nje ya nchi zao walikaribia milioni 7 mwaka 2022, kutoka kama milioni 2 tu mwanzoni mwa karne hii. Wachache sana kati yao wana mtu kama Edmonds. Wengi wana kundi la WhatsApp na mgahawa ulio karibu na kituo cha basi.

Je, mlo wa wiki unatosha kuleta urafiki? Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alijaribu kupima muda huo kwa watu waliohamia sehemu mpya na kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018. Alikadiria kwamba mtu hupita kutoka kufahamiana tu hadi urafiki wa juu juu baada ya saa kama 50 za kuwa pamoja, urafiki wa kawaida huchukua saa kama 90, na urafiki wa karibu huvuka saa 200. Saa za kufanya kazi pamoja hazikuhesabika sana. Zilizofaa ni zile za kupumzika. Sasa piga hesabu. Mlo wa saa mbili na nusu, kila wiki, katika mhula wa wiki 12, ni saa 30. Mwanafunzi wa kubadilishana aliyekuja kwa mhula mmoja atapanda ndege ya kurudi kabla hajafika hata ngazi ya kwanza. Akikosa wiki nne, ana saa 20.

Kwa hiyo mlo peke yake hautoshi, na wanaousifu kwamba unatibu upweke wanausifu kupita kiasi. Kazi yake ni kuzaa saa nyingine. Mtu uliyeketi naye Alhamisi ndiye unayeweza kumpigia Jumamosi akusaidie kubeba godoro hadi ghorofa ya tatu, na kubeba godoro kukazaa chai, na chai ikazaa safari ya kwenda kufuatilia kibali cha kuishi. Bila Alhamisi, simu ya Jumamosi haipigwi, kwa sababu mgeni huona aibu kuomba msaada kwa mtu ambaye hajawahi kula naye.

Chakula chenyewe nacho kina lake. Robin Dunbar wa Oxford, katika utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2017, alikuta kwamba watu wanaokula na wenzao mara nyingi wanaridhika zaidi na maisha na wana watu wengi zaidi wa kuwategemea, na kwamba mlo wa jioni huwasogeza watu karibu kuliko wa mchana. Ulikuwa utafiti wa kuhoji watu, na mtu anaweza kuuliza kama kula pamoja ndiko kunakoleta marafiki au marafiki ndio wanaoleta kula pamoja. Dunbar aliona uzani unaegemea upande wa kwanza. Nami naegemea huko, kwa sababu ya vitendo tu: mchana kila mtu ana kipindi saa nane, jioni hakuna anayekimbilia popote.

Lakini kwa nini nje? Kupika ni nafuu, na mtu mwenye akili atauliza kwa nini vijana wasiokuwa na pesa waende kulipa mgahawani. Jibu moja ni jiko la hosteli: friji moja ya watu wanane, sufuria isiyojulikana ya nani, na karatasi ukutani inayolalamikia vyombo vichafu. Jibu zito zaidi ni kwamba anayepika anakuwa mwenyeji. Chumba ni chake, chumvi imezidi au imepungua kwa mkono wake, wageni wanamshukuru, na wiki ijayo mtu mwingine anatakiwa kulipa fadhila. Mwenye chumba kikubwa anageuka kuwa mkubwa wa kundi bila kuchaguliwa. Mwenye chumba kidogo, au anayeishi na mwenzake asiyependa kelele, anabaki mdaiwa wa kudumu. Mgahawani wote ni wageni. Hakuna anayemshukuru mwenzake, hakuna anayeosha vyombo, na anayetaka kuondoka mapema anaondoka bila kumkosea mtu.

Usawa huo unadumu mpaka mhudumu anapoleta karatasi.

Angalia dakika kumi za mwisho za mlo wowote wa aina hii. Mazungumzo yanafifia. Mmoja, na kwa kawaida ni yuleyule kila wiki, anavuta bili, anafungua kikokotoo kwenye simu, anagawa kwa idadi ya vichwa na kutangaza kiasi kwa sauti ya mtu aliyewafanyia wenzake hisani. Wanne wanatoa kadi bila kuangalia. Aliyeagiza supu na kuomba maji ya bomba anaangalia sahani yake, anaangalia ile chupa tupu ya mvinyo ambayo hakuigusa, anasema sawa, analipa. Wiki inayofuata ana mtihani. Ile nyingine ana mafua. Baada ya hapo hakuna anayemuuliza, na kundi linaamini kwamba alipata marafiki wengine.

Nimeketi kwenye meza za namna hiyo vya kutosha kujua kwamba hakuna aliyekusudia ubaya. Kugawa sawa kunaonekana ndiyo ustaarabu. Kuhesabu nani alikula nini kunaonekana uchoyo. Hapo ndipo penye tatizo. Mwenye nacho anapata sifa ya kutokuwa mchoyo kwa kutumia fedha za asiye nacho.

Wachumi wamelipima hili. Uri Gneezy, Ernan Haruvy na Hadas Yafe walichapisha mwaka 2004 matokeo ya jaribio walilofanya katika mgahawa mmoja nchini Israeli, kwa makundi ya watu sita wasiofahamiana. Waliojua kwamba kila mtu atalipa chake waliagiza kwa kiasi. Waliojua kwamba bili itagawanywa sawa waliagiza kwa zaidi ya theluthi moja juu ya hao. Waliolipiwa kila kitu waliagiza zaidi ya mara mbili. Sababu haihitaji shahada ya uchumi: katika watu sita, nikiongeza sahani, mimi nalipa sehemu moja ya sita na wengine watano wananilipia zilizobaki. Ajabu ni kwamba wengi wa washiriki, walipoulizwa, walisema wangependelea kila mtu alipe chake. Walikuwa wamenaswa katika utaratibu ambao wenyewe hawautaki.

Mtu atasema wale hawakujuana, marafiki hujizuia. Wengine hujizuia, ni kweli. Lakini urafiki una upande wake mbaya: mgeni asiyekujua anaweza kudai haki yake bila aibu, rafiki hawezi. Na kadiri meza inavyokuwa muhimu kwa mtu ndivyo anavyoshindwa kulalamika, kwa sababu ndiyo meza pekee aliyo nayo mjini.

Tena mifuko ya wanafunzi wa kigeni inatofautiana kuliko ya wenyeji wa darasa lilelile. Kuna mwenye ufadhili kamili unaoingia kila tarehe moja. Kuna anayetumiwa na wazazi kwa sarafu ya nyumbani. Na huyo anaweza kuwa maskini akiwa amekaa kwenye kiti: naira ya Nigeria iliposhuka kwa kishindo kuanzia Juni 2023, wanafunzi waliokuwa wameshafika masomoni ng'ambo waliona fedha zilezile za familia zikinunua kidogo zaidi kila mwezi, ilhali wenzao mezani hawakugundua kitu. Halafu kuna anayeishi kwa kibarua, ambaye sheria imemwekea dari. Uingereza inamruhusu mwanafunzi wa shahada mwenye viza kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo; Kanada ni saa 24 nje ya chuo tangu Novemba 2024; Australia ni saa 48 kwa wiki mbili. Hawezi kusema atajituma zaidi ili alipie mlo. Akijituma zaidi anavunja masharti ya viza. Na kibarua chenyewe mara nyingi ni cha jioni, jikoni kwa mtu, kwa hiyo saa ambayo wenzake wanasoma menyu yeye anasugua sufuria kwenye mgahawa mwingine.

Dawa zake zinajulikana, ila zinatumiwa vibaya. Programu za simu za kugawana gharama ni nzuri kwa hesabu, ila zinahesabu baada ya kula, wakati madhara yalishatokea mtu alipokuwa akiagiza. Kulipiana kwa zamu, leo wewe kesho mimi, kunapendwa sana na wale waliolelewa kuona kugawa bili ni aibu. Kwa watu wa mtaa mmoja wanaokaa miaka hakuna ubaya. Kwa wanafunzi wa kigeni ni mkopo unaotolewa kwa mtu ambaye viza yake inaisha Januari. Zamu ya mwisho haifiki, au inafika siku ambayo waliokuja ni kumi na wawili badala ya sita, na mlipaji wa siku hiyo anakula mkate mwezi mzima.

Kinachofanya kazi ni kuyaongea mapema. Mhudumu aambiwe kabla ya kuagiza kwamba kila mtu atalipa chake. Mwishoni, akiwa na meza nyingine tano, atakataa na atakuwa na haki. Mgahawa uchaguliwe kwa kipimo cha mwenye uwezo mdogo, bila kumtaja, na hapo mwenye uwezo mkubwa ndiye anayepaswa kupendekeza pa bei nafuu, kwa sababu akipendekeza yeye hakuna anayeumbuka. Na pombe ilipwe na mnywaji. Ningelazimika kubakiza kanuni moja tu ningebakiza hiyo, kwa kuwa ndiyo inayovimbisha bili kuliko kitu kingine chochote, na wasiokunywa kwa sababu ya dini ndio wanaoona taabu zaidi kusema, wasije wakaonekana wanawahukumu wenzao.

Mtu asinielewe vibaya hapa. Kila mtu kulipa chake hakumaanishi kila mtu kula chake. Kaitlin Woolley na Ayelet Fishbach wameonyesha kwa majaribio kwamba watu wanaokula kutoka sahani ya pamoja hushirikiana vizuri zaidi katika majadiliano yanayofuata. Sahani mbili za katikati, zilizokubaliwa na wote kabla, zinatosha.

Kuhusu ukubwa wa meza nitakuwa mfupi. Dunbar na wenzake waliandika mwaka 1995 kwamba mazungumzo ya watu wanaojikusanya kwa hiari hayavuki watu wanne hivi. Wakizidi, yanakatika vipande. Meza ya watu kumi ni meza tatu zilizosogezwa pamoja, na kwa wageni zinakatika kwa lugha. Wa lugha moja wanaangukia upande mmoja, na aliye peke yake wa lugha yake anabaki katikati akitabasamu kushoto na kulia. Watu watano au sita ni kikomo kizuri. Kundi likikua lizae meza ya pili, hata kama wengine watanung'unika kwamba wametengwa.

Lipo shutuma moja linalorudiwa na linastahili kujibiwa. Inasemekana meza hizi zinawafungia wageni wenyewe kwa wenyewe: umevuka bahari kwenda kusoma, na unakula na wageni wenzako, mwenyeji humjui. Shutuma hili lina ushahidi wake. Utafiti mmoja uliofanywa Hawaii na kuchapishwa mwaka 2011 ulikuta kwamba wanafunzi wa kigeni wenye marafiki wengi zaidi wenyeji waliridhika zaidi na hawakuwaza sana nyumbani. Lakini Stephen Bochner na wenzake, pia Hawaii, walikuwa wameshaeleza mwaka 1977 kwamba mwanafunzi wa kigeni ana makundi matatu ya marafiki, na kila kundi lina kazi yake. Watu wa nchi yake humhifadhia lugha na desturi. Wenyeji humsaidia kwenye masomo na taratibu za mahali. Wageni wa mataifa mengine ni wa kupumzika nao.

Bochner aliliweka hilo kundi la tatu kama la burudani, na hapo simkubalii kabisa. Mgeni wa taifa lingine ni mtu wa pekee unayeweza kumuuliza swali la kijinga kuhusu nchi mliyopo bila kumuudhi mwenye nchi na bila habari kufika nyumbani. Anakwambia ofisi gani inakubali nakala na ipi inataka karatasi halisi, mwenye nyumba yupi harudishi amana. Watu wa nchi yako wakijua umefeli somo, mama yako atajua. Mezani unasema umefeli, mwingine anasema hata yeye, na wanaendelea kula. Sioni kwamba hiyo ni burudani.

Na mwenyeji? Mwenyeji ana marafiki tangu shule ya msingi, na wikendi anakwenda kwao. Kumlaumu mgeni kwa kutomfikia ni kumlaumu aliyesimama mlangoni kwa sababu mlango haufunguki. Nilichoona kinafanikiwa ni mwenyeji mmoja kuletwa mezani na mmoja wa kundi, akiwa peke yake. Wakija wawili wanaongea wao kwa wao, kwa kasi yao, na jioni nzima inageuka kipindi cha kusikiliza.

Meza hizi pia zina tatizo la urithi. Kila Juni nusu ya kundi inaondoka. Kwa kawaida anayebaki ni mwanafunzi wa uzamivu mwenye miaka minne ya kukaa, na kila Septemba anaanza upya na watu wapya, akicheka mizaha ileile kwa mara ya kwanza. Kazi hiyo inachosha na hailipwi. Akimaliza shahada bila kumwachia mtu lile kundi la WhatsApp, meza inakufa hata kama wote waliopo wanaipenda.

Hapo vyuo vingeweza kusaidia, na kwa kawaida vinasaidia vibaya. Ofisi ikisikia kwamba kuna mlo wa wiki unaofanya kazi, inauchukua: fomu ya kujiandikisha, bango lenye nembo, hotuba ya dakika ishirini, mpiga picha wa tovuti. Siku hiyo watu themanini wanajaa kwa sababu chakula ni bure. Wiki inayofuata hakuna kitu, maana bajeti ilikuwa ya siku moja.

Fedha hizohizo zingegawanywa kwa meza kumi ndogo, kila moja ikapewa kiasi kidogo kila mwezi cha kumfidia yule wa supu na maji ya bomba, zingefika mbali zaidi. Anayeshika fedha awe mmoja wa mezani, na asidaiwe majina ya waliosaidiwa, kwa sababu orodha ya majina ndiyo hasa inayomfanya mtu aseme ana mafua. Mkaguzi wa hesabu atapinga, na ana sababu zake. Basi apewe risiti za mgahawa, ambazo zinaonyesha walikula watu wangapi na siku gani. Ofisi isiyoweza kuridhika na risiti iache meza hizi kama zilivyo.